Usinunue jina, nunua ubao

Mazungumzo juu ya mbao za boti, yaliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa chama na mwanachama ambaye ni fundi seremala na fundi wa boti. Katibu ameyaandika jinsi yalivyosemwa, pamoja na maswali ya mwisho.



Komite imeniomba niongee juu ya mbao kabla pesa haijatoka. Nashukuru kwa hiyo, maana mara nyingi fundi anaitwa wakati mbao zimekwisha lala chini ya mwembe, na kazi yake inabaki kutikisa kichwa tu. Leo mbao hazijanunuliwa. Pesa iko katika mfuko: sehemu ni michango yetu ya kila mwezi, sehemu imetoka kwa wafadhili. Mpango unasema boti mbili, moja ya kubeba watu na mizigo ya soko, nyingine ya uvuvi wa ndagala. Na ndani ya karatasi ya mpango wameandika neno moja: teki. Ni juu ya neno hilo nitaongea.

Watu wa hapa hawana haja ya kufundishwa ziwa ni nini. Wengi wetu tulivuka Tanganyika ndani ya boti za mbao wakati wa vita ya 1996, tukakaa Lugufu na Nyarugusu miaka mingi, kisha tukarudi kwa maji yaleyale. Ziwa hili liko na urefu wa kilometa karibu 670, na kina chake kinapita meta 1400. Katikati hakuna mahali pa kuweka mguu. Kwa ile sababu ubao wa boti si sawa na ubao wa mlango. Mlango ukipinda, unaupiga randa kesho. Ubao wa boti ukipasuka usiku, katika upepo wa kusini wa kiangazi, hakuna kesho ya kuurekebisha.

Teki ni mti gani

Teki ya kweli ni mti wa Asia. Asili yake ni India, Myanmar, Thailand na Laos. Wenzetu wa Tanzania wanauita mtiki, na watu wa pwani wa zamani waliuita msaji. Mbao zake zilitoka pwani ya Malabar kule India, zikajenga majahazi ya Ghuba. Tanzania ilianza kuupanda wakati wa Wajerumani, na leo kuna mashamba ya mitiki Mtibwa katika Morogoro, Longuza katika Tanga, na katika bonde la Kilombero. Basi mtu akikuambia teki yake imetoka Tanzania, ujue ni teki ya shamba. Msitu wa asili wa teki hauko Afrika.

Sifa zake si uongo. Kwanza, moyo wa mti huu una mafuta yake. Ukipitisha kidole juu ya ubao uliopigwa randa, unasikia utelezi kama wa nta, na harufu yake inafanana na ngozi ya kiatu cha zamani. Dawa iliyo ndani yake inazuia uozo na mchwa. Pili, unapokauka unapungua kidogo sana, na unapolowa hauvimbi mno, kwa hiyo mshono unabaki mahali pake. Tatu, hauli msumari. Kuna miti mingine yenye asidi, na msumari wa chuma ndani yake unakwisha kabla ya ubao wenyewe. Kasoro yake ni kwamba ndani yake mna kitu kama mchanga laini kinachoua meno ya msumeno, na gundi haishiki kama hujapangusa mafuta kwanza.

Lakini sikilizeni vizuri. Sifa hizo zote ni za moyo wa mti, ile sehemu ya rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia. Sehemu nyeupe ya nje, karibu na ganda, haina ile dawa. Inaoza na kuliwa na wadudu sawa na mti wa bei ndogo. Na mti wa shamba uliokatwa mchanga uko na weupe mwingi na mafundo mengi, sababu haujapata miaka ya kujenga moyo. Mtu anaweza kukuuzia teki ya kweli kabisa, na karatasi ya kweli, na boti yako ikaoza.

Jina moja, miti mingi

Sasa kuna teki nyingine za mdomo tu. Mvule, ambao watu wa Lingala wanauita kambala, wauzaji wanaupa jina la teki ya Afrika. Afrormosia, mti wa msitu wa upande wa Kisangani, nao wanauita vilevile. Yote miwili ni miti mizuri, lakini si teki, na bei yake isihesabiwe kama ya teki.

Afrormosia iko tangu 1992 katika orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya miti na wanyama walio hatarini. Haivuki mpaka bila kibali. Tena ukiipiga msumari wa chuma mtupu na maji yakaingia, inageuka nyeusi kuzunguka msumari.

Mvule tunaujua zaidi. Ukikatwa leo ni wa manjano, na jua likiupiga unageuka kahawia. Moyo wake unastahimili maji na mchwa. Kasoro yake ni mawe: madonge ya chokaa yanayokaa ndani ya mti na kuvunja msumeno. Vumbi lake linawasha ngozi na kifua, kwa hiyo fundi afunge kitambaa puani. Mninga, ule unaotoa utomvu mwekundu kama damu, haupindi sana ukikauka na randa inaupenda. Zile mbao nyekundu za libuyu zinafaa kwa mbao za juu na viti, lakini chini ya maji siziamini sawa na mvule au mninga. Eukaliptusi ni rahisi kupata, ila inajipinda na kupasuka inapokauka. Ifanye kazi ya nguzo na jukwaa la kujengea boti, isiwe ubavu wake.

Namna ya kujua? Usitazame uso wa ubao. Nimekwisha ona ubao mweupe umepakwa mafuta machafu ya moteri ili ufanane na mti wa thamani. Nenda na kisu au randa ndogo, ukwangue mahali pawili, katikati na karibu na ncha. Rangi ya kupakwa inakwisha mara moja. Teki ikikwanguliwa inaweza kuonekana ya kijani kidogo au yenye michirizi, na siku chache za jua zinaileta kwenye dhahabu yake. Nusa. Gusa. Muuzaji akikataa kisu chako, mwambie asante, na uende depo nyingine.

Ziwa letu si bahari

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Sifa ya teki ilizaliwa baharini. Ndani ya bahari kuna mnyoo unaotoboa mbao za chombo, na watu wa pwani wanapambana nao kila mwaka. Ndani ya Tanganyika yule mnyoo hayuko, sababu maji yetu hayana chumvi ya bahari. Adui wetu ni mwingine: uozo. Chumvi inasaidia kuzuia uozo, na sisi hatuna chumvi. Boti yetu inaoza kwa maji ya mvua yanayosimama ndani yake, chini ya sakafu, pahali ambapo upepo haufiki, na pale ambapo ubao unalowa na kukauka kila siku. Inaanzia penye weupe, inaanzia penye ufa, inaanzia nyuma ya taruma.

Maana yake ni kwamba teki ni nzuri, lakini kwa ziwa hili si lazima. Moyo wa mvule au wa mninga, mkavu, uliochaguliwa vizuri, utatubeba. Na teki yenye weupe, mbichi, iliyopasuliwa vibaya, haitatubeba. Tukilipa jina, tumelipa safari ndefu ya reli mpaka Kigoma, meli, ushuru na mbebaji, halafu tunabaki na mbao kidogo.

Kuchagua ubao mmoja mmoja

Mbao hazinunuliwi kwa fungu. Kila ubao unashushwa, unageuzwa pande zote mbili, na unatazamwa hivi:

Tazama ncha, pale msumeno ulipokata. Ile mistari ya umri wa mti ikisimama wima, ubao utatulia. Ikilala kama bakuli, ubao utajikunja kama bakuli. Ukiona kile kitovu cha gogo, ile nukta ya katikati kabisa, kiko ndani ya ubao, uache. Utapasuka hapo.

Tazama weupe. Kwa mkuku, kwa mbao za chini ya maji na kwa fashini, weupe ni sifuri. Juu ya maji, ukingo mdogo ambao fundi ataukata si neno.

Tazama mistari ya urefu. Lazima iende na ubao kutoka ncha mpaka ncha. Ikitoroka na kutokea ubavuni, ubao huo utavunjika siku fundi anaukunja juu ya mataruma.

Tazama mafundo. Fundo dogo, gumu, lililoshikana na mti, tunalivumilia katikati ya ubao. Fundo lenye duara jeusi litatoka lenyewe na kuacha tundu. Fundo la ukingoni hapana, hata dogo.

Weka jicho kwenye ncha, funga lingine, tazama kama ubao umenyooka. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole. Mti mzima unalia. Mti uliooza ndani unajibu kama boga. Tundu ndogo zenye unga safi maana yake wadudu wako bado nyumbani.

Neno moja la kuokoa pesa: mataruma msiyakate toka mbao zilizonyooka. Tafuteni matawi na mizizi mikubwa iliyopinda yenyewe. Pale mistari ya mti inafuata mpindo, taruma linakuwa na nguvu mara nyingi zaidi, na wakulima wenyewe wanaweza kutuuzia.

Hesabu

Mama zetu wa soko watanielewa hapa kuliko wote. Mbao zinauzwa kwa meta ya ujazo: urefu mara upana mara unene. Ubao wa meta 5, upana sentimeta 25, unene sentimeta 4, ni 5 × 0,25 × 0,04, sawa na 0,05. Basi mbao 20 ni meta moja ya ujazo kamili.

Sasa muuzaji anasema unene ni 4, lakini meta yako inasema 3,5. Nusu sentimeta, nani ataiona? Hesabuni: 5 × 0,25 × 0,035 mara 20 ni 0,875. Umelipa mbao 20, umepata mbao 17 na nusu. Na boti yako imekuwa nyembamba. Kwa ile sababu tunapima unene na upana mahali patatu, ncha mbili na katikati, na tunaandika kipimo kidogo, si kikubwa.

Boti ya meta 12 inakula nini? Tuseme kamba ikizungushwa toka ukingo mpaka ukingo inapata meta 3,5. Ganda la nje peke yake: 12 × 3,5 × 0,04 ni 1,68. Ongeza theluthi moja kwa vipande vitakavyokatwa na kutupwa, unapata karibu 2,24. Mkuku, fashini, viti na sakafu bado. Kila mwanachama aweze kufanya hesabu hii, ili fakitire ikisomwa mkutanoni, watu wasipige makofi tu.

Ukavu

Mbao mbichi ni nzito, zimejaa maji, na ukijenga nazo zitapungua na mishono itafunguka. Mbao kavu kupita kiasi nazo zina shida: zikiingia ziwani zinavimba, na kama fundi amezibana sana, zinasukuma misumari. Tunataka ukavu wa katikati, maji ya asilimia 15 hivi, ili boti ikilowa, mbao zivimbe kidogo na kukaza pamba ya mshono.

Kupima si uchawi. Kata kipande kidogo mbali na ncha, kipime kwa mizani ya duka. Kikaushe taratibu juu ya joto bila kukiunguza, ukipime tena na tena mpaka uzito usishuke. Kikianza na gramu 460 na kikaishia 400, maji yalikuwa gramu 60. Gawa kwa 400: asilimia 15. Huo ubao uko tayari. Kikianza na 600, asilimia 50, huo bado ni mti.

Mafundi wa kale wanasema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Tukinunua mbichi kwa bei nafuu, basi tuzipange chini ya paa, juu ya magogo, na fito kati ya ubao na ubao kila nusu meta, fito zisimame mstari mmoja toka chini mpaka juu. Ncha zipakwe rangi ili zisipasuke. Jua la moja kwa moja apana.

Karatasi

Sheria ya misitu ya nchi yetu ni ya 2002. Mtu hakati miti ya kuuza bila kibali. Tumwombe muuzaji nakala ya kibali chake, fakitire yenye jina la mti, idadi na vipimo, na kwa mbao za Tanzania karatasi za usafirishaji na za ushuru. Mbao zisizo na karatasi zinaweza kukamatwa bandarini, na michango ya wajane ikalala kwenye bariere.

Maoni yangu kwa mkutano

Ninaomba mambo matatu. Moja, neno teki litoke katika mpango, na mahali pake tuandike: moyo wa mti usiooza, mvule, mninga au teki, mkavu, bila weupe chini ya maji. Mbili, kununua kufanywe na watu watatu pamoja, fundi, mweka hazina na mama mmoja wa soko, na kila ubao upewe namba kwa rangi na kuandikwa katika daftari. Tatu, tuanze na boti moja, ile ya watu. Pesa ya boti mbili dhaifu inatosha boti moja nzima. Ya uvuvi itafuata kwa mapato ya ile ya kwanza.

Najua vijana wa uvuvi hawatafurahi. Wamengoja. Lakini boti ya watu inabeba pia mama zao.

Maswali

Mzee mmoja aliuliza: Wafadhili wamekubali teki. Tukibadilisha neno, hawatasema tumekula tofauti ya bei?

Jibu: Baba, watasema hivyo kama tutawaambia baada ya kununua. Tuwaandikie kabla. Tuweke bei mbili kando kwa kando, ya teki iliyofika hapa pwani na ya mvule, na tuseme tofauti itafanya nini: misumari iliyopakwa zinki badala ya chuma mtupu, na majaketi ya kuokolea watu. Wafadhili wanaosoma haya, tunawaomba mtujibu kwa maandishi.

Mama mmoja aliuliza: Boti itadumu miaka ngapi?

Jibu: Mama, mbao ni nusu tu. Nusu ya pili ni kumwaga maji ya mvua kila asubuhi, kufungua sakafu ipate hewa, na kukalafati upya kwa pamba na mawese kila mwaka. Boti ya mti mzuri isiyotunzwa inakufa mbele ya boti ya mti wa kawaida iliyotunzwa. Wekeni jina la mtu mmoja anayelipwa kwa kazi hiyo.

Kijana wa uvuvi aliuliza: Na sisi tungoje mpaka lini?

Jibu: Kungoja si kukaa bure, ndugu yangu mdogo. Mbao zenu tuzinunue polepole tangu sasa, mbichi, kwa bei nafuu, kila mara mfuko unapopumua. Mzipange ninyi wenyewe chini ya paa, fito kwa fito. Siku boti ya kwanza inaleta faida, mbao zenu zitakuwa zimekauka, na mtakuwa mnajua kila ubao kwa namba yake.

Neno la katibu: Mkutano ulikubali jambo la kwanza na la pili. La tatu lilipigiwa kura, likapita, lakini kura za kupinga zilikuwa nyingi, na komite imeombwa kuonyesha hesabu ya mfuko wa mbao za uvuvi katika kila mkutano. Barua kwa wafadhili imeandikwa na itatumwa pamoja na gazeti hili. Hakuna ubao utakaonunuliwa kabla ya jibu.